Mapazia ya nyumba nzima, Kigamboni: shajara ya kufua, kutoa kutu na kuondoa kawa

Nyumba ni ya vyumba vitatu, karibu na bahari, kando ya barabara ya mchanga. Maji ya kufulia yanatoka kisimani, yana chumvi na sabuni haitoi povu kirahisi. Maji ya mvua yapo kwenye tangi la lita 1,000, yaliyobaki baada ya masika. Sebuleni kuna mapazia manne mazito ya poliesta yenye ringi za chuma, na nyuma yake neti nne nyeupe zinazoshikwa kwa kulabu ndogo. Chumba kikubwa kina mapazia mawili ya kuzuia mwanga, yale yenye utando mweupe mgongoni. Chumba cha watoto kina mawili ya kitenge yaliyopita kwenye waya. Jikoni lipo moja fupi la pamba.

Jumamosi, 7 Juni 2025: ukaguzi, bila maji

Mapazia ya dukani yana lebo. Namba ndani ya mchoro wa beseni ni joto la juu la maji. Pembetatu yenye mkato wa msalaba inakataza dawa yoyote ya kung'arisha. Nukta ndani ya pasi: moja ni nyuzi 110, mbili ni 150, tatu ni 200.

Yaliyoshonwa na fundi hayana lebo, na hapo ndipo watu wengi wanabahatisha. Tulichomoa nyuzi mbili tatu ndani ya pindo, tukazishika kwa kibano juu ya sahani ya bati na kuwasha kiberiti. Pamba huwaka na kunuka karatasi, ikaacha jivu laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka, na huacha kishanga cheusi kigumu kisichopondeka (kiacheni kipoe, kinaunguza vibaya). Kitambaa cha mchanganyiko hufanya yote mawili. Hicho kichukuliwe kama poliesta kwenye joto la maji na pasi, na kama pamba kwenye kunywea.

Kipimo cha pili ni cha jua. Upande uliotazama dirishani, shika kitambaa kwa vidole gumba vilivyokaribiana na uvute taratibu. Nyuzi zikiachana au ukisikia mlio wa kuchanika, kitambaa kimeshaliwa na jua na mashine itakimaliza. Neti moja ya dirisha la magharibi imeshindwa kipimo hiki. Itafuliwa kwenye beseni ikiwa ndani ya foronya, bila kufikichwa wala kukamuliwa.

Kipimo cha tatu ni cha rangi. Lowanisha kitambaa cheupe kwa maji ya sabuni, kibandike kwenye kona ya pindo, pitisha pasi ya vuguvugu juu yake. Mapazia ya sebuleni hayakuacha kitu. Kitenge kiliacha rangi ya bluu, tena nyingi.

Mwisho tulipima urefu wa kila pazia na kuuandika, kisha tukashona alama ya uzi mwekundu ndani ya pindo: mshono mmoja kwa dirisha la kwanza, miwili kwa la pili, na kuendelea. Mapazia ya seti moja hayapauki sawasawa, na yakichanganyika tofauti inaonekana mchana kweupe.

Gharama: hakuna.

Jumapili, 8 Juni: vumbi

Pazia lenye vumbi likiingizwa moja kwa moja kwenye maji ya sabuni, vumbi linageuka tope na kujikita kwenye mshono na kwenye utepe wa marinda. Kulitoa hapo ni kazi kubwa kuliko kufua pazia zima. Kwa hiyo mapazia yalishushwa, ringi na kulabu zikatolewa zile zinazotoka, yakakung'utwa nje upande upepo unakoelekea, halafu yakapigwa brashi laini kutoka juu kwenda chini. Marinda yafunguliwe kabisa: legeza kamba za utepe lakini usizikate, na funga ncha zake kwa fundo ili zisipotelee ndani.

Baada ya hapo kila seti ililowekwa kwenye maji baridi matupu kwa dakika 20, kisha maji yakamwagwa na kuwekwa mengine. Neti zilitoa maji ya kahawia hadi mkupuo wa tatu. Ndipo sabuni inapopata nafasi. Maji haya ya kwanza yanaweza kuwa ya kisima, hayana madhara. Tuliyatumia baadaye kumwagilia migomba.

Fimbo na kuta nyuma ya mapazia zilifutwa siku hiyohiyo. Vumbi la juu ya fimbo huanguka kwenye pazia safi mara tu linapovutwa.

Jumamosi, 14 Juni: neti, na kutu iliyokuwa juu yake

Siku hii ndiyo iliyokula muda.

Neti ya kwanza ilifuliwa kwa sabuni ya mche na maji ya kisima. Ilitoka ya kijivu kuliko ilivyoingia, na ilipokauka ilikuwa na ukavu wa kunata. Sababu ni chokaa na magnesiamu iliyomo kwenye maji hayo. Sabuni ya mche hushikamana nayo na kuwa utando usioyeyuka, nao unakaa kwenye matundu ya neti. Kuongeza sabuni kunaongeza utando.

Tulisuuza neti hiyo kwa siki: mililita 250 za siki ya asilimia 5 kwenye lita 10 za maji ya mvua, dakika 30. Ukavu uliondoka lakini neti ikabaki na mafuta mafuta. Siki inavunja ule utando na kuachia mafuta yaliyokuwa ndani ya sabuni, na mafuta hayo siki haiwezi kuyatoa. Kwa hiyo hatua ya siki peke yake haitoshi. Ifuatwe na ufuaji kwa sabuni ya unga, ambayo haigandi na chokaa kama ya mche. Vijiko viwili vya kulia kwa lita 10 vilitosha. Neti tatu zilizobaki zilianza moja kwa moja na sabuni ya unga, zikasuuzwa mara mbili kwa maji ya kisima na mara ya mwisho kwa maji ya mvua. Hazikuhitaji siki kabisa. Kwa nyumba nzima, maji ya mvua yaliyotumika kusuuzia hayakuzidi lita 200.

Kutu. Kila kulabu iliacha doa la rangi ya machungwa kwenye utepe wa juu. Hapa kuna kanuni moja ambayo kuivunja kunaharibu pazia moja kwa moja: usiweke Jik wala klorini nyingine kwenye doa la kutu. Klorini haitoi chuma. Inakifanya kishike zaidi, na doa hugeuka kahawia na kuingia ndani ya uzi. Kutu inatolewa kwa asidi, na itolewe kabla ya kung'arisha.

Tulijaribu limau na chumvi juani kwanza kwa kuwa ndiyo dawa inayojulikana mtaani. Madoa mepesi yalififia, ya zamani yalibaki. Tatizo ni kwamba maji ya limau yanakauka haraka juani na asidi ikikauka haifanyi kazi tena. Kwenye pamba, kuikaushia hapo kwa saa nyingi kunadhoofisha nyuzi.

Kilichofanya kazi ni ndimu ya unga, ile ya dukani wanayoweka kwenye achari na juisi. Kijiko kimoja cha kulia kwenye mililita 250 za maji ya moto, koroga mpaka iyeyuke. Chovya utepe tu, si neti nzima, kwenye bakuli la plastiki au la kioo. Bakuli la bati litatoa kutu yake lenyewe. Funika bakuli ili maji yasikauke, acha dakika 30, suuza, angalia, rudia. Madoa mengi yalitoka kwenye mkupuo wa pili. Mawili ya dirisha la magharibi yalibaki na kivuli cha njano. Hayo tuliyaacha, kwa sababu yako juu ya mstari wa marinda na hayaonekani.

Suuza sana baada ya ndimu ya unga. Asidi yoyote, iwe siki au ndimu, ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, na kwenye bafu dogo lisilo na dirisha gesi hiyo ni hatari ya kweli. Katika mradi huu Jik haikutumika kabisa. Neti zilirudishwa weupe kwa unga wa madoa wenye oksijeni, ambao haufanyi kazi vizuri kwenye maji baridi. Lita moja ya maji yanayochemka kwa lita tano za maji ya kawaida hutoa kama nyuzi 40, na hiyo inatosha. Gramu 60 kwenye lita 12, saa mbili, neti zikiwa zimezama zote. Kipande kinachoelea juu ya maji kitabaki na mstari.

Neti hazikukamuliwa. Zilitundikwa zikidondosha maji kwa dakika kumi, kisha zikarudishwa dirishani zikiwa mbichi bado, zikakaukia hapo na kunyooka zenyewe bila pasi. Hakikisha fimbo na skrubu zake ni imara kabla ya kufanya hivi.

Gharama: sabuni ya unga kilo 2, Sh 11,000, siki lita 1, Sh 4,000, ndimu ya unga gramu 200, Sh 3,000, unga wa oksijeni gramu 500, Sh 14,000.

Jumapili, 15 Juni: mapazia mazito ya sebuleni, kwa mashine

Mashine imeandikwa kilo 7, lakini hiyo ni kwa pamba. Kwa poliesta jaza nusu. Pazia moja hapa lina upana wa mita 2.8 na urefu wa 2.3, na kitambaa chake kina kama gramu 220 kwa mita ya mraba. Pamoja na ringi linakaribia kilo moja na nusu. Kwa hiyo mawili kwa mkupuo, na hapo ndipo mwisho.

Ringi za chuma zilizobanwa hazitoki. Zikusanye zote pamoja, zifunge kwa utepe wa kitambaa, zivalishe soksi nzito na ufunge mdomo wake. Zikiachwa wazi zinagonga ngoma na kuchana pazia la jirani.

Mkupuo wa kwanza uliwekwa nyuzi 40 na mzunguko wa kukamua wa 1,000. Mapazia yalitoka safi lakini yamejaa mikunjo mikali inayokaa, kwa sababu poliesta ikiwa na joto hushika umbo inalobanwa nalo. Mkupuo wa pili ulikuwa wa nyuzi 30 na mzunguko wa 400, ukatolewa mara mashine iliposimama. Huo haukuhitaji pasi. Yale ya mkupuo wa kwanza yalisuuzwa upya kwa maji ya vuguvugu, yakatundikwa yakiwa na maji, vibanio vikining'inizwa kwenye pindo la chini kama uzito. Mikunjo michache iliyobaki ilimalizwa kwa pasi ya nukta moja juu ya kitambaa chenye unyevu.

Kamba ya kuanikia iwe kivulini. Kwa kitambaa chenye urefu huu tumia kamba mbili zilizo umbali wa nusu mita na ulitandaze pazia juu ya zote mbili, maana likikunjwa kwenye kamba moja hubaki na mstari katikati.

Gharama: kamba ya nailoni mita 20, Sh 4,000, vibanio, Sh 3,000.

Jumamosi, 21 Juni: kawa kwenye mapazia ya kuzuia mwanga

Vidoa vyeusi vya kawa vilikuwa upande wa mgongo, kuanzia chini hadi nusu mita juu, hasa pale pazia linapogusa ukuta wa pembeni. Utando wa mgongoni ndio wa kulindwa. Haupendi maji ya moto, kukunjwa ukiwa na maji wala kukamuliwa. Ukipasuka mwanga unapita kwenye vitundu na hakuna kiraka.

Kwanza yalitolewa nje, brashi kavu ikapitishwa huku mfanyaji amefunika pua na mdomo. Kupiga brashi ndani ya chumba ni kusambaza kawa kwenye godoro. Kisha pazia lilitandazwa juu ya jamvi, utando ukiwa juu, na kusuguliwa kwa sifongo laini lenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo.

Siki ilijaribiwa kwenye kona moja: harufu ilipungua, weusi haukusogea. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ya duka la dawa ilifanya vizuri zaidi. Pakaa kwa kitambaa, acha dakika 10, futa kwa maji safi, rudia mara moja. Kwenye utando mweupe doa liliisha. Upande wa mbele, ambao ni kitambaa cha kijivu, peroksaidi inaweza kula rangi, hivyo tulijaribu kwanza ndani ya pindo. Hapo hapakuwa na mabadiliko, lakini vidoa vilivyokuwa vimepenya hadi mbele vilibaki vya kijivu hafifu. Kawa iliyokwisha kutia rangi ndani ya uzi haitoki yote, na kusugua zaidi kunatoboa kitambaa kabla ya kutoa doa.

Kukausha: yalitundikwa kwa upande wa juu, utando ukitazama nje, yasigusane popote. Utando ukigusana na utando ukiwa na maji hugandana, na ukiachanishwa hubanduka. Yalichukua mchana mzima kwa upepo wa kusi.

Kufua peke yake kusingezuia kawa kurudi masika ijayo. Pazia lilikuwa linafika sakafuni na fimbo ilikuwa karibu mno na ukuta, hewa haikupita. Vishikizo vya fimbo vilibadilishwa nafasi kwa kuwekewa vipande vya mbao vya sentimita 3 nyuma yake, na pindo la chini likapandishwa libaki sentimita 2 juu ya sakafu. Ukuta wenyewe ulioshwa na kukaushwa kabla pazia halijarudi.

Gharama: peroksaidi chupa tatu za mililita 200, Sh 6,000, sabuni ya vyombo, Sh 3,000. Mbao zilikuwa mabaki.

Jumamosi, 28 Juni: kitenge na pazia la jikoni

Kitenge kilifuliwa peke yake, maji baridi, dakika tano tu za kuloweka, kikageuzwa ndani nje. Watu huweka chumvi au siki ili rangi isichuje. Tulilinganisha mabeseni mawili, moja na chumvi na jingine bila, na maji yalikuwa na bluu ileile. Chumvi ina kazi yake mtu anapotia rangi kitambaa kipya, lakini rangi iliyolegea hairudishwi na chumvi. Inatakiwa isuuzwe mpaka iishe, na kitambaa kisiachwe kimerundikana kikiwa na maji hata kwa robo saa, kwa sababu rangi hukaa kwenye maua meupe ya jirani.

Kilinywea: kutoka sentimita 215 hadi 208, yaani zaidi kidogo ya asilimia 3. Kipande kipya cha pamba kiloweshwe na kukaushwa kabla ya kupelekwa kwa fundi, ili kisinywee baada ya kushonwa. Bahati hapa fundi aliacha pindo la sentimita 10, lilifunguliwa na kushonwa upya.

Pazia la jikoni lilikuwa na mafuta ya kukaangia yaliyoshika vumbi. Maji kwanza ni kosa kwa doa hili. Sabuni ya vyombo ilipakwa kwenye kitambaa kikavu, ikaachwa nusu saa, ndipo maji ya nyuzi 50 yakafuata yenye magadi, kijiko kimoja cha kulia kwa lita 10. Ni magadi yale yale ya kuchemshia maharage, yanayotoka kwenye maziwa kama Magadi la Kenya na Natron. Yanalainisha maji na kusaidia kutoa mafuta. Yayeyushe pembeni na uyachuje kwa kitambaa, kwa kuwa yana mchanga na udongo unaotia doa. Vaa glavu. Yasitumike kwenye kitenge wala hariri.

Gharama: magadi, Sh 500, fundi, Sh 6,000.

Jumamosi, 5 Julai: kurudisha

Kulabu zote za chuma zimebadilishwa kwa za plastiki. Ncha za waya wa chumba cha watoto, pale ganda la plastiki lilipokatwa na chuma kikabaki wazi, zimepakwa rangi ya kucha tabaka mbili. Kutu ya hewa ya bahari huanzia hapo na kuingia kwenye kitambaa. Ringi za sebuleni hazina kutu bado, zimefutwa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani na kukaushwa kabisa.

Mapazia ya dirisha la magharibi na la mashariki yamebadilishana. Kila baada ya kufua yatabadilishana tena ili jua lisile upande mmoja.

Kulabu za plastiki 60, Sh 6,000. Jumla ya mradi Sh 60,500. Kwa anayerudia, sabuni ya unga imebaki nusu, siki zaidi ya nusu, na unga wa oksijeni zaidi ya nusu.

Jumamosi, 2 Agosti: baada ya mwezi

Hakuna kutu mpya kwenye neti. Kawa haijarudi, ila huu ni msimu mkavu na kipimo chake ni mvua za vuli. Fundo moja la kamba ya marinda limefunguka na ncha kuingia ndani ya utepe. Ilivutwa kwa sindano ya kufumia. Kwenye kitenge, pindo lililofunguliwa linaonyesha mstari wa rangi iliyokoza mahali jua halikufika. Halitibiki kwa kufua, na fundi atashona utepe wa bluu juu yake.

Ratiba iliyobandikwa nyuma ya mlango wa stoo: kukung'uta neti kila wiki dirisha likiwa wazi, kufua neti kila miezi mitatu, mapazia mazito mara mbili kwa mwaka, Februari kabla ya masika na Juni baada yake, la jikoni kila mwezi, kabla mafuta hayajashika. Ingizo linalofuata litakuwa Oktoba, ukuta wa chumba kikubwa utakapokaguliwa nyuma ya pazia mvua zikianza.